Mmea wa Bofa Usiotoka Bofa

Nyinyi vijana mnaonisimamisha nje ya kanisa na simu mkononi, "Hawe Sidi, hebu tazama, hili ni jani gani?", leo nawajibu wote kwa pamoja, maana miguu yangu haitaki tena kusimama juani. Hawe ni nyanya, kwa wale mliohamia hapa juzi kutoka bara. Mnataka niwaambie ni wapi mtandaoni mtu anaweza kujifunza mimea, ndege, wadudu na viumbe vya baharini bila kudanganywa. Nitawaambia. Ila msitazamie orodha iliyopangwa, kwa sababu wiki hizi mbili mimi mwenyewe sijapangika. Chai natia chumvi. Kuku nawalisha mara mbili, kisha nakaa nikijiuliza kama wamekula.

Sababu naisema mapema, msije mkadhani nawazungusha. Katika tovuti moja inayoaminiwa na mabingwa wa mimea kuna uongo, na uongo huo niliuandika mimi, kwa mkono wangu huu, nikiwa bado mgeni kazini. Kwa ajili ya uongo huo kuna kichaka kimoja huku nyuma ya Kilifi kinachongojewa na tingatinga ili watu wachimbe mawe ya kujengea. Ndiyo maana silali vizuri na ndiyo maana naandika.

Kazi yangu ilikuwa kukausha mimea. Chekeni tu, si wa kwanza. Mama mkwe wangu mpaka anafariki aliwaambia majirani kwamba mkaza mwanawe anauza mboga zilizokauka. Tulikuwa na ofisi ndogo mjini Kilifi, vyumba viwili na makabati ya bati, na kazi yetu ilikuwa kutembea pwani hii kutoka Mnarani mpaka juu ya Malindi. Unakata tawi lenye maua au matunda, unalilaza kati ya magazeti, unalibana kwa mbao na mikanda, unalikausha, kisha unalishona kwa uzi kwenye karatasi nene. Chini pembeni unabandika kijikaratasi: jina la mmea, mahali ulipotoka, tarehe, aina ya udongo, jina la aliyeukusanya.

Aliyenifundisha ni Bwana Omari wa Shella, Malindi, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu nadhifu kupita kiasi. Aliingia vichakani na shati lililopigwa pasi na akatoka nalo vilevile, mimi nimejaa miiba mpaka kwenye nywele. Hakunipigia kelele hata siku moja, na afadhali angenipigia. "Binti Charo," alikuwa akisema kwa ule upole wake, "mmea usio na kijikaratasi ni kuni. Na wenye kijikaratasi cha uongo ni afadhali ungekuwa kuni."

Mvua za masika ndizo zilizonifunza adabu. Magazeti hunyonya maji ya mmea, kwa hiyo inabidi uyabadilishe kila siku, na wakati wa mvua hata mara mbili. Jumapili moja nilikwenda harusini nikasema, ah, siku moja itadhuru nini. Jumatatu nikafungua mbao nikakuta ukungu mweupe umetapakaa mpaka kwenye maua. Bwana Omari alitazama, akafuta miwani, akasema tu, "Haya, Binti Charo, turudi." Tulirudi kule kule Mnarani kwa miguu, kwenye matope, kukusanya upya mmea mmoja baada ya mwingine. Mara nyingine niliharakisha kukausha kwa jiko la makaa, nikageuza mapande kumi na mawili kuwa kitu cha kuwashia moto kweli.

Nawaambia haya kwa sababu siku hizi makabati yale yamefunguliwa kwa dunia. Ofisi nyingi zimepiga picha karatasi zao zote na kuziweka mtandaoni, bure. Unaandika jina la kitaalamu la mmea, unauona ulivyoshonwa hata kabla nyanya yako hajazaliwa, unaukuza mpaka unahesabu vinyweleo vya jani. Kwa anayesoma mimea sijaona chombo bora kuliko hicho. Basi mkifika pale, msianze na jani. Anzeni na kijikaratasi: nani, wapi, lini. Kisha jiulizeni kama mahali palipotajwa panaufaa mmea huo kweli. Laiti mtu mmoja angejiuliza hivyo mapema.

Programu za simu zinazotambua mmea kwa picha nazo nazitumia, msidhani mimi ni wa zamani kiasi hicho. Siku ya kwanza niliipiga picha minyaa ya ua wangu, ile ya vijiti vya kijani yenye maziwa yanayopofusha, programu ikaniambia hilo ni tumbawe la baharini. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku hiyo naichukulia kama mpita njia anayekuelekeza: namshukuru, kisha namuuliza mtu wa pili. Mtu wa pili ni zile tovuti ambazo unaweka picha yako, na watu wa kweli, walimu na wapenda mimea wa kila nchi, wanakuambia wanaonaje. Wakikubaliana watatu au wanne, hapo unaanza kuamini. Lakini kitu cha kula au cha dawa msikiamini kwa picha hata kama wamekubaliana mia.

Sasa niwaelezee ile Jumanne.

Kache ni binti wa jirani yangu, yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomea viumbe. Alikuja nyumbani asubuhi, vumbi mpaka magotini, uso umewiva kwa jua.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba. Umetoka kulima wapi?"

"Nimetoka Bofa. Wiki ya tatu hii naenda Bofa. Askari wa hoteli ya kwanza anadhani nataka kuiba viti vya wageni, wa hoteli ya pili ananiuliza kama natafuta mchumba."

Alikuwa akitafuta mmea. Mmea mdogo, majani ya fedha kwa chini, ua la manjano linalofunga ifikapo saa sita. Dunia nzima, akasema, tovuti zote zinaonyesha umewahi kuokotwa mara moja tu, Bofa, kabla hoteli hazijajengwa, na wataalamu wanadhani umekwisha. Akitaka kuandika karatasi yake ya mwisho juu ya mmea huo, ni lazima autafute palipoandikwa. Akafungua kompyuta yake akaiweka mapajani mwangu.

Nikauona mwandiko wangu. Zile herufi zangu za mviringo, nilizokuwa nikijivunia. "Bofa, kando ya njia ya ufukweni." Na chini yake: "Wakusanyaji: Omari na S. Charo."

"Hawe, S. Charo ni wewe?"

"Ni mimi."

Mtoto alipiga makofi kwa furaha. "Basi Mungu kanileta! Nionyeshe ni wapi hasa pale Bofa."

Nikasema, "Ni zamani, mama. Sikumbuki."

Nilikuwa nakumbuka mpaka kivuli kilikoelekea.

Kache hakukasirika. Alikunywa chai, akaanza kunisimulia mengine, na katika hayo mengine akataja machimbo. Kuna ripoti, akasema, imewekwa mtandaoni ili wananchi watoe maoni. Kampuni fulani inataka kuchimba mawe pale kwenye kichaka kilicho chini ya kaya ya kina babu yake. Wataalamu wao wameangalia kumbukumbu zote za mtandaoni, wakaandika kwamba mahali hapo hapana mmea wowote adimu. Maoni yanafungwa Ijumaa.

Kikombe nilikiweka chini kwa mikono miwili.

Kaya, kwa msiojua, ni misitu ya wazee wetu Wamijikenda, walimokaa na kuzikwa wa kale. Ukiingia unavua viatu. Hukati kijiti, hata tawi lililoanguka huliokoti. Hii ninayoisema sitaitaja jina, na mwisho wa maneno haya mtaelewa kwa nini. Wakati wangu kichaka hicho cha machimbo kilikuwa ndani ya kaya. Baadaye mashamba yalisogea, msitu ukarudi nyuma, kichaka kikabaki nje peke yake. Na ule mmea wa majani ya fedha niliutoa pale. Bofa haujawahi kuota.

Ilikuwa hivi. Bwana Omari alishikwa na homa, akanituma Bofa peke yangu kwa mara ya kwanza. Nilikwenda, nikakusanya vya kawaida, kisha nikapitia nyumbani kwetu kumsalimu mama, nikakata njia ya mkato pembeni mwa kaya. Nikauona. Nilikuwa nimekwisha kushika mimea mingi ya kutosha kujua kwamba huu sijaushika. Nikatazama huku na huku, sikuona mtu, nikaung'oa na mizizi yake nikautia kwenye mfuko.

Baba yangu alikuwa mmoja wa wazee wa kaya hiyo. Ningeandika mahali pa kweli, Bwana Omari angeandika barua ya heshima kwa wazee kuomba ruhusa ya kurudi, na wazee wangeuliza ni nani aliyetangulia kuingia. Kwa hiyo nikaandika pale nilipokuwa nimetumwa. Neno moja, Bofa. Nilidhani ni jambo dogo.

Bwana Omari alipouona alisimama na homa yake. "Binti Charo, wajua ulichokipata? Nipeleke, tafadhali, nikauone kwa macho yangu." Nikamwambia mbuzi wameumaliza. Akasema mbuzi huwa wanabakisha mizizi. Alikwenda Bofa mwenyewe kuutafuta. Akaenda tena mwaka uliofuata, na mwingine, mpaka alipostaafu, na kila akirudi aliniuliza kama ni kabla ya mnazi mkubwa au baada yake. Nami nikawa namjibu. Hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba nilikuwa namjibu.

Siku iliyofuata, Jumatano, sikutoka nyumbani. Nilinunua bando la wiki nikakaa na simu kama mgonjwa anayetafuta dawa, kwa sababu nilijiambia: huenda mtu mwingine ameuona mahali pengine. Ikiwa umeonekana Lamu au Kwale, basi uongo wangu haudhuru mtu, nami naweza kufa nao. Kwa hiyo nikapita kila mlango ninaoujua, na nyinyi mpite vivyo hivyo mkitafuta kitu kwa dhati.

Nilianza na tovuti inayokusanya kumbukumbu za viumbe kutoka ofisi zote na kuzitia kwenye ramani. Kila kumbukumbu ni nukta. Mmea wa kawaida una nukta zilizotapakaa ramani nzima. Wangu ulikuwa na nukta moja, Bofa. Nikaenda kwenye maktaba za mtandaoni zenye vitabu vya kale vya mimea vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, ambavyo zamani Bwana Omari alingoja miezi viletwe kwa meli. Huko, katika kitabu kilichotoka baada ya kazi yetu, nikaukuta mmea wangu umechorwa vizuri, na chini ya mchoro: Bofa. Nikaenda kwenye kamusi za mimea za vyuo, zenye maelezo ya shina, jani, ua na tunda: Bofa. Nikaingia mpaka kwenye makala za kitaalamu zinazosomwa bure, maana ziko nyingi mkijua kuzitafuta kwa jina la kitaalamu badala ya jina la nyumbani. Mtu mmoja alikuwa amejadili kwa nini mmea huu ulipenda mchanga wa ufukweni. Aliandika kurasa nne juu ya mapenzi hayo.

Nilipumzika kidogo kwenye tovuti ya sauti za ndege, kutuliza moyo. Ni tovuti nzuri mno. Ukiwa na shaka ya ndege unasikiliza sauti yake iliyorekodiwa na watu mbalimbali, unalinganisha. Lakini msije mkaipiga sauti hiyo msituni wakati wa kutaga ili ndege ajitokeze mumpige picha. Nilimwona kijana mmoja wa kutembeza watalii akifanya hivyo. Ndege aliacha mayai yake asubuhi nzima akimtafuta mwenzake asiyekuwapo. Hata hapo, pamoja na ndege wote hao, sikutulia.

Niliona jambo ambalo sikuwa nimelielewa kazini miaka yote. Kijikaratasi kimoja kabatini humdanganya anayefungua kabati. Mtandaoni kinanakiliwa. Ramani ilikuwa imenakili kwangu, kamusi imenakili ramani, ripoti ya machimbo imenakili kamusi. Mkiona tovuti tano zinasema kitu kimoja, ulizeni kwanza kama zote tano hazikukitoa kwa mtu mmoja. Mimi nilikuwa mtu huyo, na nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wangu.

Alhamisi asubuhi nilimpigia Kache simu nikamwambia aje na kamera. Njiani nilimwambia yote. Tulipofika kwenye kilima chenye mihogo, akasema, "Wiki tatu, Hawe." Nikasema najua. Akasema, "Nilikuja kwako juzi." Nikasema najua, mwanangu, nimekukosea. Akaendelea kutembea mbele yangu.

Tulikwenda kwa Mzee Kazungu, mtoto wa baba yangu mkubwa, ambaye sasa ndiye mkuu wa wazee wa kaya. Tulimkuta anatengeneza banda la kuku. Nilikataa kiti. Nikamweleza nikiwa nimesimama, kama mtoto aliyevunja mtungi.

Aligonga msumari wake mpaka mwisho ndipo akanitazama.

"Tulijua, dada."

"Mlijua nini?"

"Baba yako alilikuta shimo siku ile ile. Na nyayo za viatu. Viatu vya soli ile huku kwetu alivaa nani zaidi yako? Alilifukia kwa mikono yake, akatoa kuku wake mwenyewe wa kusafisha mahali pale. Alituambia aliyefanya hivyo ni mgeni."

Baba amekufa miaka mingi, na kila nilipomwona nilikuwa nikishukuru kwamba hajui. Nililia pale mbele ya banda la kuku, na Kache, aliyekuwa amenuna njia nzima, akanishika bega.

"Faini iko pale pale," akasema Mzee Kazungu. "Kuku na kaniki, ile nguo nyeusi ya wazee. Lakini hayo tutayafanya baadaye. Watu wa machimbo walipokuja, tuliwaambia msichimbe hapa, ni mahali petu. Wakatuambia imani si ushahidi. Sasa wewe, huo mmea wako, ni ushahidi?"

Kache ndiye aliyejibu. "Ukiwa bado uko, ndiyo."

Tulivua viatu ingawa kichaka kiko nje ya kaya siku hizi. Mzee alisema hajui mizimu kama imeambiwa mpaka umehamishwa. Tulitafuta toka asubuhi mpaka jua lilipopanda, tumeinama, tukigeuza kila jani lililong'aa. Vigingi vya kampuni vimetiwa rangi nyekundu kila hatua kadhaa. Nilianza kuomba Mungu kimoyomoyo, kisha nikaona haya kumwomba.

Kache aliuona. Mitatu, imeota pamoja chini ya mkwaju, na kigingi chekundu kimepigiliwa karibu nayo kiasi kwamba ungeweza kuifunika yote kwa kanga moja. Mmoja ulikuwa na ua, bado halijafunga.

Alitaka kukata tawi dogo, ushahidi wa kushikika. Mzee akatikisa kichwa. Kwa hiyo tukafanya kama nilivyowafundisha baadhi yenu, na hili lishikeni kwa sababu linafaa kwa mmea wowote: picha ya mmea mzima na mahali pake, picha ya jani kwa juu na kwa chini, picha ya ua kwa mbele na kwa ubavu, picha ya tunda, hata likiwa bichi, picha ya shina na udongo, na sarafu pembeni ili watu wajue ukubwa. Mkifanya hivyo hamna haja ya kuua kitu. Kwenye tovuti ile ya kuweka picha, kabla hujabofya, kuna mahali pa kuficha ulipo. Ficheni, kila mnapoona kiumbe adimu. Kuna watu wanafungua ramani zile kutafuta cha kuiba.

Mtandao haukuwapo pale. Tulitembea mpaka barabarani, Kache akazituma picha, na kufikia alasiri watu wanne wa nchi tofauti walikuwa wamekubaliana. Mmoja wao aliandika kwamba ameinuka kitini. Nikamwelewa kabisa.

Ikabaki kusahihisha. Tovuti ya makabati ina fomu ya kuripoti kosa kwenye karatasi: kosa ni lipi, sahihi ni lipi, nani alikosea na kwa sababu gani. Kache alikuwa akichapa, mimi nimekaa naye.

Akasema polepole, "Hawe, mkusanyaji wa kwanza hapa ni Bwana Omari. Tukisema ni yeye aliyechanganya mahali, marehemu hataulizwa. Wewe utaulizwa."

Sitawadanganya, nililifikiria. Nilifikiria jina langu likikaa pale, na wajukuu wa wajukuu wangu wakibofya wakasoma kwamba hawe yao alikuwa mwongo. Nilikunywa maji. Kisha nikamwambia aandike: Aliyekosea ni Sidi Charo. Alijua kuwa ni uongo alipoandika. Bwana Omari hakujua, na aliutafuta mmea huu Bofa mpaka alipostaafu. Maneno hayo hayo tukayatia kwenye maoni ya machimbo, tukayatuma Ijumaa kabla ya saa sita, pamoja na picha na barua ya Mzee Kazungu yenye alama ya dole gumba lake.

Jumatatu iliyofuata ofisa mmoja wa ofisi inayopokea maoni yale alinipigia simu. Alikuwa na adabu, lakini swali lake lilikuwa moja. "Mama, unasema ulidanganya wakati ule. Sisi tutajuaje kwamba sasa ndipo unasema kweli? Mmea huo mtu angeweza kuupanda pale wiki iliyopita."

Ni swali la haki, hata Bwana Omari angeniuliza hivyo. Nikampa Kache simu, na Kache akamwambia angoje. Alikuwa ameifungua ile karatasi yangu ya zamani kwenye kompyuta, ameikuza mpaka kwenye mizizi. Kanuni ni kukung'uta udongo kabla ya kubana, nami siku ile kwa woga sikukung'uta. Katikati ya mizizi, chini ya uzi wangu, kulikuwa na udongo. Mwekundu, kama wa kule kwetu. Bofa ni mchanga mweupe mtupu, kila mtoto anajua.

Kache akamweleza ofisa hayo yote. Ofisa akasema kibali kimesimamishwa kwa muda, na kwamba atatumwa mtaalamu kuja kuiona hiyo mitatu kwa macho. Siku alisema hajui, labda ndani ya mwezi. Akiikuta, mambo yatakuwa mengine. Asipoikuta, hakuna cha kujadili.

Kache aliruka kwa furaha. Mimi sikuruka. Kampuni imepewa nakala ya maoni yetu, ndivyo sheria inavyotaka, na vigingi ni vyao, wanajua kila hatua ya kichaka kile. Kwa hiyo kila asubuhi nakwenda kichakani na kiti changu cha kukunja na thermosi, na Mzee Kazungu huja kunipokea mchana. Watu wa njiani hunicheka, wananiuliza nalinda nini, dhahabu? Nawajibu nalinda majani, nao hucheka zaidi.

Lakini mimi siwezi kuamka nikakaa nyumbani. Natazama ile mitatu naona ilivyo midogo, udongo ulivyo laini baada ya mvua. Halihitajiki tingatinga. Anahitajika mtu mmoja tu, anayetazama huku na huku asione mtu. Mimi nilipoung'oa ule wa kwanza nilitumia mkono mmoja, na haukunikataa.